Fedha za Karafuu na Hisa za Kampuni za Dawa

SUALI: Assalaam alaykum, mhariri. Mimi ni mkulima wa karafuu hapa Wete. Msimu huu, baada ya kuuza ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, na kuwalipa wachumaji, nimebakiwa na fedha nilizokusudia kuezekea nyumba. Mpwa wangu anayesoma Dar es Salaam amenionesha kwenye simu kampuni ndogo ya Marekani inayosubiri uamuzi wa serikali ya huko kuhusu dawa yake ya saratani. Katika kundi lao wanasema dawa ikipitishwa, hisa itapanda mara tano kwa siku moja, na sasa hisa moja haifiki dola tatu. Je, niingie? Na je, hii si kamari?
Mkulima, Wete, Pemba

JIBU: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Fedha za bati zibaki za bati. Nimelitanguliza hilo kwa sababu maelezo yanayofuata ni marefu, na sitaki mpwa wako akuwahi kabla hujafika mwisho wake.

Wewe unawajua watu wanaokodi mikarafuu kabla haijatoa matumba. Mkodishwaji analipa leo kwa mavuno asiyoyaona, na mwaka ukiwa mbaya anapata khasara. Lakini hata mwaka mbaya mti haukosi kabisa pishi chache. Kampuni ndogo ya dawa ambayo haijawahi kuuza hata kidonge kimoja haina pishi hizo chache. Ilichonacho ni utafiti, hataza (haki ya pekee ya kuitumia dawa iliyoibuni) na fedha za wanahisa, na dawa ikikataliwa, thamani ya hisa inaweza kuanguka kwa zaidi ya nusu kabla hujaamka.

Dawa hupita awamu tatu za majaribio kwa binadamu: kwanza usalama kwa watu wachache, kisha kipimo na dalili za kufaa kwa wagonjwa, kisha ulinganisho kwa mamia au maelfu ya wagonjwa. Kati ya dawa zinazoingia awamu ya kwanza, takriban moja tu katika kila kumi ndiyo hupata idhini ya FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani. Kwa haki, dawa ya kampuni yako imeshafika mlangoni, kwa hiyo nafasi yake ni bora kuliko hiyo. Hata hivyo wanunuzi waliotangulia wanalijua hilo, na matumaini yao yamo tayari ndani ya bei unayoiona. FDA nayo inaweza kuandika barua ya kukataa na kutaka jaribio jengine, ambalo huchukua miaka.

Hapo kwenye miaka ndipo ninapotaka utulie nami, kwa sababu makundi ya simu hayapazungumzi. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilianza kutengenezwa katika miaka ya 1980. Awamu yake ya tatu ilifanyika kuanzia 2009 hadi 2014, Bagamoyo na Korogwe zikiwa miongoni mwa vituo vyake, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa watoto mwezi wa Oktoba 2021. Mwenye chanjo hiyo, GSK, kampuni kubwa ya dawa ya Uingereza, ana dawa nyingi nyengine za kuuza wakati anasubiri. Kampuni ndogo husubiri kwa kuuza hisa mpya. Tuseme ina hisa milioni 10 nawe unazo 1,000. Ikiuza nyengine milioni 10, sehemu yako ya kampuni imekatika nusu, na hukuulizwa. Mara nyingi huuza hasa siku ile bei inapopanda kwa habari njema, yaani siku uliyokuwa ukiisubiri.

Kwa hiyo mwambie mpwa wako aache kundi na afungue taarifa ya fedha ya robo mwaka, ambayo kampuni zilizoorodheshwa katika soko la hisa la Marekani huiweka wazi bila malipo. Atazame fedha taslimu zilizopo, azigawe kwa matumizi ya robo mwaka. Zikiwa dola milioni 40 na matumizi ni milioni 10, kampuni ina pumzi ya mwaka mmoja. Atazame na madeni pia: Dendreon, kampuni ya Marekani, ilipata idhini ya dawa yake ya saratani ya tezi dume mwaka 2010, na mwezi wa Novemba 2014 ikaomba kinga ya mufilisi, kwani mauzo hayakuubeba mzigo wa deni. Dawa ilipita, mwenyehisa akapoteza.

Dola tatu si bei rahisi wala ghali mpaka uizidishe kwa idadi ya hisa zote, upate thamani ya kampuni nzima. Tena usitegemee agizo la kuuza bei ikianza kushuka: soko la New York hufunguliwa kwetu saa kumi na nusu alasiri, au saa kumi na moja na nusu wao wakiwa katika majira ya baridi, na habari hizi mara nyingi hutoka likiwa limefungwa, hivyo bei huruka chini bila kupita kwenye agizo lako. Na kabla fedha hazijavuka mpaka, iulize benki yako kanuni za Benki Kuu ya Tanzania kuhusu mkaazi kuwekeza nje.

Ama kamari, hukumu yake waulize masheikh, na uwaeleze kwamba kampuni hizi mara nyingi huweka fedha zao mahali penye riba. Kwa upande wangu, anayenunua kwa kusikia tu kundini, bila ya kusoma hesabu, simuoni mbali na mcheza kamari.

SUALI: Je, mfuko unaokusanya hisa za kampuni nyingi za bayoteknolojia, yaani za utafiti wa dawa kama hizo, ni salama?
Mwalimu wa skuli, Mkunazini, Unguja

JIBU: Mwalimu, mfuko unakukinga na kuanguka kwa kampuni moja, haukukingi na kuanguka kwa sekta nzima. XBI, mmoja wa mifuko inayojulikana zaidi, ulipoteza zaidi ya nusu ya thamani yake kati ya Februari 2021 na Mei 2022. Ikiwa fedha hizo hutazihitaji kwa miaka kumi, unaweza kuweka sehemu ndogo. Ikiwa ni ada za watoto za Januari, usiziguse.