Barua kwa mwanangu: utajuaje kama ni Mungu kasema

Mwanangu mpendwa, meseji yako nimeisoma nikairudia, kwamba yule nabii wa kwenye maombi huko Dar kakwambia Mungu kamwonesha uache kazi kabla mwezi haujaisha, na we unauliza mama ntajuaje kama ni Mungu kweli au ni yeye tu. Nimefurahi umeuliza.

Mi naamini Mungu anasema na watu mpaka leo. Ila hata Samweli alipoitwa usiku alidhani ni Eli, akamkimbilia mara tatu, na aliyetambua kwamba ni Bwana alikuwa yule mzee. Paulo nae aliwaandikia Wathesalonike wasidharau unabii, hapohapo akawaambia wajaribu mambo yote, na mi hapo ndo nasimama.

Chukua Kibeho, hapo Rwanda tu. Msichana mmoja mwanafunzi, Alphonsine, alianza kutokewa na Bikira Maria Novemba 1981, shuleni, wenzake wakamcheka, baadae wakaibuka wengine kibao wakisema na wao wanaona. Askofu wa Butare akaunda tume, ya madaktari na ya wanateolojia, wakapimwa wakahojiwa weee, na Kanisa likaja kutoa jibu 2001, waliokubaliwa watatu tu! Na hata hapo halimlazimishi mtu kuamini, manake ufunuo ulishakamilika kwa Kristo, haya mengine yanakuja kutusaidia kuuishi, hayauongezei kitu. Sa kama mambo ya Kibeho yalivumilia kupimwa karibu miaka 20, huyo nabii kwa nini anakuwa mkali ukimuuliza, haraka ya nini, na hiyo sadaka ya kufungua njia kwa nini itumwe kwenye namba yake mwenyewe? Hilo la hela limeniuma sana mwanangu.

Af unasema tangu akwambie una hofu, chakula hakipiti. Mtakatifu Inyasi wa Loyola alifundisha kwamba moyo ukiwa gizani usibadilishe uamuzi uliofanya ukiwa na amani, na kazi hiyo we uliiombea ukaipata ukiwa na amani, mi nilikuwepo. Kwa hiyo barua ya kuacha kazi usiandike kwanza. Nenda kwa paroko wako umweleze yote, hata ya hela usifiche, af Jumamosi panda gari uje Bagamoyo, baba yako anataka akusikie mwenyewe na tutasali wote.

Mama yako