Banda la Élisabethville

Jarida limeuliza wiki hii: ni shule gani ya sanaa iliyodumu muda mfupi ambayo bado inastahili kukumbukwa? Jibu langu ni Le Hangar, yaani Banda, iliyofunguliwa mwaka 1946 mjini Élisabethville, ambao leo ni Lubumbashi.

Mwanzilishi wake alikuwa Mfaransa, Pierre Romain-Desfossés, aliyewahi kuwa afisa wa jeshi la majini. Hakutaka wanafunzi wake wanakili picha za Ulaya. Aliwapa rangi, akawaacha kila mmoja atafute mkono wake mwenyewe. Katazo hilo liliwaepusha na uigaji, ingawa siwezi kulisifu lote, kwa sababu bado Mzungu mmoja ndiye aliyejipa mamlaka ya kuamua Uafrika halisi ni upi.

Kinachonivuta ni kazi zenyewe. Bela, aliyetoka Chad na kumtumikia Romain-Desfossés, alichora kwa ncha za vidole badala ya brashi, hivyo majani na manyoya katika picha zake ni madoa ya vidole yaliyopangwa moja baada ya jingine. Mwenze Kibwanga alilaza mistari mifupi ya rangi sambamba, akiigeuza kila umbo lilipogeuka, mpaka mtu na mnyama wakaonekana wamesukwa kama mkeka. Pilipili Mulongoy naye alipenda ndege, samaki na nyoka, na nafasi iliyobaki nyuma yao aliijaza alama ndogondogo kwa subira ya ajabu. Walifundishwa katika banda moja, lakini ukizoea picha zao kidogo tu huwezi kumchanganya mmoja na mwenzake.

Romain-Desfossés alifariki mwaka 1954, na Banda halikuendelea bila yeye. Wasimulizi wengi huishia hapo, jambo ambalo naona ni kuwapunja wachoraji. Pilipili na Mwenze walihamia akademia ya sanaa ambayo Laurent Moonens alikuwa ameianzisha mjini humohumo mwaka 1951, wakafundisha huko. Mwaka 2015 kazi zao, pamoja na za Bela, zilitundikwa Paris katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo kwenye jumba la Fondation Cartier. Natamani zionwe na watoto wa shule wa kwetu pia, wanaozungumza lugha ileile inayosikika katika mitaa ya Lubumbashi, na ambao jina la Pilipili hawahitaji kutafsiriwa.