Jibu: Limfosaiti pembezoni mwa uvimbe si saratani iliyosambaa

Waalaykum salaam dada wa Wete, Mwenyezi Mungu ampe mama shifaa. Umesema majibu ya kinyama cha titi (kipande kidogo kilichotolewa kwenye uvimbe ili kichunguzwe) yameandikwa "mikusanyiko ya limfosaiti pembezoni mwa uvimbe", na binamu yako akakwambia saratani imeshaingia kwenye mitoki, yaani tezi za limfu kama zile za kwapani. Maneno hayo hayasemi hivyo kabisa.

Kazi yangu ni kukata vinyama na kuvipaka rangi maabara, hapa Unguja. Vikundi hivyo navifahamu: kwenye darubini huonekana madoa ya buluu iliyokolea, chembe zimesongamana. Limfosaiti ni chembe nyeupe za damu, walinzi wa mwili wenyewe. Uvimbe ukiusumbua mwili muda mrefu, pale pale panaweza kujengeka kitu mfano wa tezi ya limfu: chembe B zimekaa pamoja, chembe T zimezizunguka (hizo ni aina mbili za limfosaiti), na vimishipa maalumu vya kupitisha limfosaiti kutoka kwenye damu. Ni baraza lililowekwa mlangoni mwa adui. Hapo chembe B hujifunza kutengeneza antibodi, yaani protini za kumnasa adui, na chembe T huandaliwa kushambulia, bila kungoja tezi za kwapani.

Miaka mingi sifa zote walipewa chembe T. Januari 2020 jarida la sayansi la Nature likatoa tafiti tatu kwa mpigo, za melanoma (saratani ya ngozi), saratani ya figo na sarkoma (saratani ya tishu kama misuli na mafuta): wagonjwa wenye chembe B na miundo hii ndani ya uvimbe walielekea kuitikia vizuri zaidi dawa za kuamsha kinga. Mimi habari ile ilinifurahisha mno.

Lakini usimwambie mama kwamba amepona. Si kila kikundi kimekomaa, na kwenye ini, utafiti wa 2015 ulionyesha miundo hii inaweza hata kuzihifadhi chembe changa za saratani. Matibabu ya titi hayaamuliwi kwa mstari huo.

Mistari ya kuisoma ni mingine. Kama kinyama kilitolewa kwa sindano kwenye uvimbe tu, tezi za kwapa bado hazijapimwa, basi binamu hana pa kuyatoa maneno yake. Muulize daktari kuhusu tezi hizo, na kama vipimo vya ER na PR (vipokezi vya homoni kwenye chembe za saratani) na HER2 (protini juu ya chembe hizo) vimefanywa. Hivyo ndivyo vinavyoongoza dawa. Kama havijafanywa, uliza kibonge cha nta chenye kinyama kimehifadhiwa wapi. Vinaweza kupimwa kutoka humo humo, mama asichomwe tena.