Mabawa Yaliyoninyima Kazi

Juzi usiku msomaji mmoja alinitumia picha aliyoichora kwenye kompyuta: kichimbakazi, yule kiumbe mdogo wa hadithi mwenye mabawa, amekaa juu ya uyoga. Uso umetulia, nywele zimechorwa kwa subira, hata mikunjo ya gauni imekaa mahali pake. Tatizo mgongoni: mabawa yamefifia kama doa la chai lililofuliwa mara mbili. Chini ya picha aliandika, "Dada, nimepunguza opasiti mpaka asilimia 20 na bado hayaonekani kama yanapitisha mwanga. Nakosea wapi?" Opasiti ndicho kiwango cha rangi kuziba kilicho nyuma yake.

Nilicheka. Halafu nikanyamaza, maana mabawa yale nayafahamu. Niliwahi kuyachora mimi mwenyewe, na yakaninyima kazi.

Nilikuwa ndiyo kwanza naanza kuitwa mchoraji na watu wasio ndugu zangu. Mteja akaomba jalada la kitabu cha hadithi za watoto: kichimbakazi mwenye mabawa manne, usiku wa mbalamwezi. Nilikubali kabla sijamaliza kusoma ujumbe wake. Nikakesha siku tatu. Leya, yaani matabaka ya mchoro yanayolala moja juu ya jingine, nilikuwa nazo mbili tu, moja ya mistari na moja ya rangi, na nilijiona nimepangilia kweli kweli. Mabawa nikayapaka kwa brashi iliyopunguzwa nguvu, nikipita taratibu, na kila mpigo uliokatiza mwingine ukaacha mchirizi mzito, kama sakafu iliyodekiwa kwa tambara chafu. Nikaivuruga michirizi kwa kifaa cha kufifisha mpaka ikalainika. Nikatuma picha na moyo mkunjufu.

Jibu lilikuwa mstari mmoja: "Mbona umemvika mfuko wa nailoni?"

Kazi akapewa mwingine. Kitabu kilipotoka nilikitafuta, nikalitazama jalada kwa muda mrefu kuliko inavyostahili. Mabawa yalikuwa mazuri, sikatai. Mkono wa kushoto wa yule kichimbakazi ulikuwa na vidole sita. Nilihesabu mara mbili.

Sikuchora bawa tena kwa miezi. Kilichonirudisha ni kumbikumbi. Mvua ilikuwa imekatika, wakaja kuizunguka taa, na kama kawaida yao wakaangusha mabawa kila mahali, mengine juu ya daftari langu lililokuwa wazi mezani. Nilitaka kuyapuliza, nikasita. Chini ya bawa moja maandishi yangu yalisomeka vizuri, yamefunikwa na rangi ya kahawia hafifu tu. Mahali bawa la pili lilipolala juu ya la kwanza, ile kahawia ilikolea na herufi zikafifia. Ukingo wa mbele ulikuwa na mstari mnene unaoonekana kwa mbali. Kumbe bawa lenyewe halikuwa limefifia hata kidogo! Nililijua kuwa linapitisha mwanga kwa sababu ya zile herufi zilizokuwa nyuma yake.

Sasa turudi kwenye kompyuta. Programu yoyote yenye leya itakufaa, iwe Krita, GIMP, Photoshop, Procreate au ibisPaint, kwa hiyo usiniulize ipi ni bora. Kila bawa lipe leya yake. Mabawa manne, leya nne. Lipake bawa kwa rangi kamili, brashi ikiwa na nguvu zote, lijae bila michirizi wala mawimbi. Ukimaliza ndipo uburute kitelezi cha opasiti ya leya hiyo mpaka asilimia 40 hivi. Mimi niliipunguza brashi nilipotakiwa kupunguza leya. Siku tatu zilipotea hapo.

Ukitaka kujua kwa nini leya zitengane, piga hesabu. Bawa la asilimia 40 huruhusu asilimia 60 ya kilicho nyuma yake kipite. La pili likikaa juu yake linaruhusu 60 ya ile 60, yaani 36, kwa hiyo yanapopishana kinachofunikwa ni asilimia 64. Ule ukolevu nilioukuta daftarini unajitokeza wenyewe bila wewe kuupaka. Ukiyaweka mabawa yote kwenye leya moja ya rangi moja kisha ukapunguza opasiti, yanafifia kwa pamoja na mapishano yanapotea. Ukiyatia yakiwa kamili ndani ya folda moja na kupunguza opasiti ya folda, matokeo ni yale yale. Msomaji wangu alikuwa na leya moja tu. Nilijua kabla hajaniambia.

Kila bawa leya yake. Ninarudia makusudi.

Mishipa iwe juu ya bawa, kwenye leya nyingine, na hiyo usiipunguze sana. Bawa likififia na mishipa ikafifia nalo, jicho halina pa kushika. Tena tafadhali, mishipa ya bawa si ya jani la mwembe. Tafuta picha ya kereng'ende uikuze. Mishipa minene imejipanga kwenye ukingo wa mbele, mingine inatoka kwenye shina kuelekea ncha, na katikati yake kuna vijishipa vya kukatiza vinavyogawa bawa kuwa vyumba vidogo vidogo. Karibu na ncha, ukingoni, kuna kidoa cheusi. Kichore hicho kidoa. Watu wengi hawatajua kwa nini bawa lako linaaminika kuliko la jirani.

Halafu mpe mtazamaji kitu cha kuona nyuma ya bawa: shungi la nywele, kikonyo cha ua, mwezi wenyewe. Juu ya ukurasa mweupe mtupu, bawa la asilimia 40 ni rangi ya maji tu. Mandhari ikiwa ya usiku, jihadhari na modi ya Multiply (modi ni namna leya inavyochanganyika na zilizo chini yake), kwani kazi yake ni kutia giza, na giza juu ya giza halionekani. Jalada langu lilikufa mara ya pili hapo hapo. Kwa usiku tumia Screen, ambayo huongeza nuru. Ule upinde wa mvua wa kwenye povu la sabuni hutokea pia kwenye mabawa membamba, kwa sababu mwanga unaorudi kutoka uso wa juu wa utando hukutana na unaorudi kutoka uso wa chini. Uweke kidogo, kijani na waridi, kwenye leya iliyobanwa (clipping) juu ya leya ya bawa ili rangi isimwagike nje. Nimesema kidogo.

Na usiunganishe leya kabla kazi haijapokelewa. Hifadhi faili kwa muundo wa programu yenyewe, unaotunza leya zote. PNG hutunza uwazi lakini leya zinakuwa moja, na JPEG haitunzi hata huo uwazi.

Nijuavyo mimi, nusu yenu mtaruka yote haya mkatafute brashi ya mabawa iliyotengenezwa tayari, mbonyezo mmoja bawa limekamilika. Zimo nzuri, nami ninazo kadhaa. Ila mteja akisema "bawa la kulia liinamishwe kidogo, nywele zionekane zaidi," utabonyeza wapi? Mwaka huu nimechora vichimbakazi saba kwa mteja mmoja na hakuna aliyerudishwa. Najigamba, ndiyo, acheni nijigambe, kwani ile nailoni niliivumilia peke yangu. Uvivu wa kutazama kitu halisi ndio unaotuponza. Tunachora mabawa tuliyoyaona kwenye michoro ya wenzetu, ambao nao waliyaona kwa wengine, mpaka mdudu mwenyewe anasahaulika. Zima tableti, nenda kamtazame nyuki dirishani.

Msomaji alinirudishia picha jana jioni. Leya nne. Shungi la kulia linaonekana kupitia bawa, limepoa rangi kidogo tu, na mapishano yamekolea panapostahili. Ila bawa la chini la kushoto limepita mbele ya kiwiko wakati kichimbakazi anatutazama uso kwa uso. Nimemwambia alishushe chini ya leya ya mwili, na kwamba kidoa cheusi hakikuwa utani.