Usikubali jibu la "ndivyo alivyo"

Pole sana, dada yangu. Umesema mdogo wako hapo Igombe, Mwanza, mwenye sindromu ya Down (hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha akili na ukuaji), ana wiki mbili anajipiga kichwa na kukataa chakula, na zahanati wamekujibu "ndivyo alivyo". Rudi. Mtu aliyekuwa akila ugali wake vizuri akabadilika ghafla, huenda anaumwa mahali, ila hana maneno ya kulisema.

Mwanangu alijing'ata mkono mwezi mzima, tukaambiwa ni tabia. Kumbe jino lilikuwa limeoza. Inaniuma hadi leo.

Omba wamwangalie meno na masikio, wapime malaria, na uwaambie mara ya mwisho alipata choo lini. Kama huwa anaogelea ziwani, taja kichocho. Pia uliza kipimo cha damu cha thairoidi, ile tezi ya shingoni, maana kwa wenye Down husumbua mara nyingi kuliko kwa wengine, na uchovu unaoletwa na tezi hiyo huonekana kama uvivu. Wakishindwa, dai rufaa ya hospitali kubwa za Mwanza, Sekou Toure au Bugando.

Kabla ya kwenda, andika kwenye daftari: hulalaje, hula nini, akiumwa hufanyaje. Daktari ana dakika chache. Karatasi hiyo itamsaidia kuliko maelezo ya haraka mlangoni. Wahini asubuhi, na umwombe muuguzi awatangulize, kelele za foleni zitamchosha. Na daktari amsemeshe yeye kwanza, siyo wewe. Jioni hii anza kumfundisha kuonyesha kwa kidole panapouma.