Boksi la marehemu na mti wetu wa kwanza

SWALI: Shikamoo Shangazi. Naishi Majengo, Moshi. Mwezi wa pili mwaka huu niliolewa na mwanaume aliyefiwa na mkewe. Ana kijana wa miaka 14 na binti wa miaka 9. Mimi nilikuja na wangu wa miaka 7. Kwetu ni Singida, mila za huku bado najifunza. Wiki iliyopita nilinunua mti wa Krismasi wa plastiki kwa shilingi 85,000, nikaupamba watoto wakiwa kwenye mazoezi ya kwaya ili niwashangaze. Siku hiyohiyo nilisafisha stoo, nikakuta boksi la karatasi zilizokunjamana na pamba iliyoota ukungu, nikatupa. Kumbe ni mapambo ambayo mama yao alitengeneza nao. Yule wa miaka 9 alikimbilia jalalani, akaokoa matatu, mojawapo nyota iliyokatwa kwenye kopo la maziwa. Sasa anataka mti wa kweli "kama wa mama". Kaka yake leo siku ya nne hanisemeshi. Mume wangu anasema yatapita. Binti yangu ameniuliza kama tutafukuzwa. Je, niung'oe mti huu? Na jirani ananishauri nimpelekee kijana isale, lile jani la kuombea msamaha. Nifanyeje?
— Mama wa Watatu, Moshi

JIBU: Marahaba, mwanangu. La mti nitalijibu mwisho, kwa sababu si lenye haraka.

Nianze na isale. Mimi ni wa Machame, nimelikuta kwenye mipaka ya kihamba, yaani shamba la ukoo, cha babu yangu. Kwa Wachaga, aliyekosa humpelekea aliyemkosea jani la isale, na aliyepelekewa hana budi kusamehe, hata kisa kiwe kizito namna gani. Jirani yako ana nia njema. Ila kwa sababu hiyohiyo nakuomba usimpelekee mtoto wa miaka 14. Utakuwa umemfunga mdomo. Huyu anatakiwa aweze kukukatalia, leo na hata kesho.

Nenda kwake jioni, bila baba yake. Mwambie: nilitupa vitu vya mama yako bila kuuliza, nimekosa, naomba unisamehe. Kisha nyamaza. Usiongeze "sikujua", ingawa ni kweli, maana mtoto atasikia kwamba kosa ni lake kwa kutokukuambia. Asipojibu, mtakie usiku mwema uondoke.

Nayajua haya kwa kuumia. Mwaka 2003 niliingia nyumba ya watoto watatu wa mwenzangu, Sakina, Arusha. Mama yao alikuwa akiifunika ndoo ya mti wa Krismasi kwa kanga yake, na Desemba ile niliikuta imekunjwa kabatini. Nikaifua, nikaipiga pasi, nikaitandaza vizuri chini ya mti. Binti mkubwa aliinua pindo akalinusa, akaanza kulia. Harufu ya mama yake niliitoa kwa sabuni, na hakuna radhi iliyoirudisha. Ndiyo maana nasema hayo matatu yaliyookolewa usiyaguse, usiyafute vumbi, usiyabandike gundi mpaka wenyewe wakuombe.

Sasa huo mti wa kweli. Huku kwetu ni msaiprasi, ambao asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, ila umepandwa sana West Kilimanjaro na kwenye ua za watu hadi watoto wanadhani uliumbwa pamoja na mlima. Desturi ya kuupamba ni ya Wajerumani, na wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig walishafika Kilimanjaro mwaka 1893. Msiingie msitu wa serikali na panga, kule kuna vibali vyake. Wala hamhitaji mti mzima. Tafuteni mwenye ua unaotaka kupogolewa, mwombeni kilele kimoja cha kimo cha huyo binti wa miaka 9.

Muulize kijana mama yake alikuwa akiutoa wapi. Akikujibu, hata kwa neno moja, mfuate huko. Panga ashike yeye, na achague yeye, hata kama kilele kimepinda. Wasichana washike kamba ya kupimia kimo hicho. Usimikeni kwenye ndoo ya mchanga na kokoto, mwagieni maji kila asubuhi, maana joto la Moshi la Desemba huukausha upesi. Mishumaa kaeni nayo mbali. Msaiprasi mkavu una utomvu na hushika moto haraka sana.

Mapambo yale matatu wayatundike wenye mama, kwanza. Mwanao asisimame pembeni akitazama. Mpe karatasi na mkasi atengeneze ya kwake, na yapewe nafasi mbele, siyo nyuma ukutani. Swali lake la kufukuzwa limenikaa moyoni kuliko yote. Mjibu wewe na mumeo mkiwa pamoja, baba akimpakata, amwambie kwa kinywa chake kwamba hapa ni kwake.

Na huyo baba, mwambie nimesema "yatapita" haitoshi. Boksi lilikuwa stoo kwake, yeye ndiye alipaswa kukuonyesha siku ulipohamia. Jioni ya kupamba akae hapo asimulie ile nyota ilikatwaje, nani alijikata kidole, mama alicheka nini. Wewe sikiliza. Kumtaja marehemu hakukupunguzii kitu, mwanangu.

Huo wa plastiki ukunje mwenyewe, uurudishe kwenye boksi lake, wakikuona. Usilalamikie zile elfu themanini na tano. Ikitokea mmoja wao akasema usimamishwe barazani, usimamishe barazani, na taa zake ziwashwe.