Nchi zikinuniana na mzigo wako uko mpakani

Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka. Sisi tunaopitisha nafaka Namanga, mpaka wa Tanzania na Kenya, habari tuliipata WhatsApp, malori yakiwa tayari barabarani. Zuio halikumaliza wiki; likalegezwa kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, mzigo uwe na cheti cha uasili kinachoonyesha ulikotoka, na sumukuvu isizidi sehemu 10 kwa bilioni. Foleni, hata hivyo, haikusoma tangazo.

Wengi walikimbilia kumlalamikia balozi. Ndugu yangu, balozi hafungui geti. Anachoweza ni kumpigia simu mkubwa ambaye wewe hata mlango wake huujui, na simu hiyo haipigwi kwa kusema "wafanyabiashara wetu wanateseka". Mpe cha kushika. Sisi tuliandika karatasi moja tu: namba ya gari, tani, siku lilipofika, cheti kilichokataliwa na sababu aliyopewa dereva. Ofisa aliyeipokea aliruka maelezo yote, akauliza sampuli ilichukuliwa lini na maabara gani. Waliokuwa na jibu walisikilizwa. Waliokuja na hasira walipewa chai.

Anza na ubalozi wa nchi yako kule mzigo unakokwenda, na upitie chama chenu. Mtu mmoja mmoja ni rahisi kusahaulika. Na matusi mtandaoni acha kabisa. Balozi anayekutetea ataonyeshwa maneno yako mezani, kisha aanze kukuombea radhi badala ya kudai haki yako.

Mei mwaka huohuo Rais Samia alikwenda Nairobi, akahutubia Bunge, na Rais Kenyatta akaagiza mahindi yaliyokwama mpakani yaruhusiwe. Watu hukumbuka hotuba. Mimi huwafikiria zaidi walioandaa meza ile, mabalozi wa pande zote mbili. Wa Kenya hapa Dar wakati huo alikuwa Dan Kazungu, aliyewahi kuwa waziri wa madini, na kazi hiyo haina makofi.

Usisubiri ugomvi ndipo utafute namba. Januari 2024 Tanzania ilitangaza kusitisha safari za Kenya Airways kati ya Nairobi na Dar, baada ya Kenya kuinyima Air Tanzania kibali cha ndege ya mizigo. Mawaziri wa mambo ya nje wakazungumza, na ndani ya siku chache likaisha. Kwa kasi hiyo, mwenye karatasi zake kabatini ndiye anayewahi.